Akiba ni ya gari moja la spoti, na moyo unataka matatu

Shikamoo Mzee Mshauri,

Nina miaka 29, nimeoa, na tuna mtoto wa miaka miwili. Tangu nikiwa shuleni nimekuwa nikitamani gari la spoti, na sasa baada ya kujinyima kwa muda mrefu akiba imefikia mahali pa kununua. Gari la familia tunalo, analiendesha mke wangu, kwa hiyo hili silitafutii nafasi ya mtoto wala mizigo. Nataka gari la kwenda nalo kazini siku mojamoja, na siku uwanja wa mbio unapofunguliwa kwa watu wa kawaida nikajifunze kuendesha kwa kasi mahali panaporuhusiwa.

Nimebaki na magari matatu, yote yaliyotumika na yote ya gia za mkono. Nikiigawa akiba yangu mafungu 10, hesabu inakuwa hivi. Volkswagen Golf GTI la kizazi cha tano, lenye tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), linachukua mafungu 5. Mazda MX-5 la kizazi cha tatu, la lita 2.0, linachukua 6. Toyota 86 la kizazi cha kwanza linachukua 9.

Rafiki yangu anasema nisipoteze muda, nichukue Golf, nibadilishe programu ya kompyuta ya injini, nitapata nguvu za farasi karibu 250 kwa fedha kidogo kuliko njia nyingine yoyote. Binamu yangu ana Toyota 86 na anasema hakuna jingine. Zaidi ya hapo ana seti ya tabo aliyoitoa kwenye gari lake, anataka kuniuzia nusu bei. MX-5 nimeliendesha mara moja tu nikalipenda, lakini wenzangu wananiambia hilo ni gari la kupungia upepo, halina nguvu, na mimi mwenye urefu wa mita 1.86 nitaonekana kama nimevaa gari badala ya kulipanda.

Kuna jambo jingine. Mke wangu ameridhia ninunue gari, ila nimemtajia bei ya kununulia tu. Mpango wangu ulikuwa nichukue lolote linalomaliza akiba, kisha niwe naliboresha kidogo kidogo kwa mshahara bila kumsumbua na maelezo. Je, nachagua lipi, na huo mpango wangu una kasoro?

Niko Njia Panda

*

Marahaba kijana wangu.

Nimefurahi kwamba umeyapanga magari yako kwa mafungu ya akiba. Wengi wanaoniandikia huyapanga kwa farasi peke yake. Lakini mafungu yako yanaishia kwenye bei ya muuzaji, na gari la spoti linaanza kukugharimu pale muuzaji anapokukabidhi funguo. Mpango wako una kasoro, nitaieleza, ila kwanza tuyapime magari yenyewe, maana naona umetishwa na maneno ya wenzako.

Golf lako lina farasi 200 na uzito wa takriban kilo 1,330. Toyota lina farasi 200 na takriban kilo 1,240. MX-5 lina farasi 160, lakini uzito wake ni kama kilo 1,100 hivi. Gawanya nguvu kwa uzito: Golf linapata farasi 150 kwa kila tani, Toyota kama 161, na MX-5 kama 145. Hilo gari la kupungia upepo limeachwa na Golf kwa farasi 5 tu kwa tani. Hata takwimu za viwandani za kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa zinayaweka yote matatu kati ya sekunde 7 na 8. Ukiwa nyuma ya usukani huwezi kuihisi tofauti hiyo kwa mgongo wako.

Utakachohisi ni namna nguvu inavyokuja. Golf lina torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 280, na kwa sababu ya tabo linaitoa yote kuanzia mizunguko 1,800 kwa dakika. Ukikanyaga mafuta katika gia ya nne linaondoka bila kuuliza. Toyota lina Nm 205, na kilele chake kiko juu ya mizunguko 6,000. Katikati, kwenye mizunguko kama 4,000, torki inazama kidogo kabla ya kupanda tena, na wanaolimiliki wanalijua bonde hilo vizuri. MX-5 lina Nm 188. Haya mawili yanataka uyafukuze, ubadilishe gia kwa wakati, injini uiweke juu. Ukizoea kuendesha magari ya tabo, siku ya kwanza utayaona yamelala. Mimi huo ufukuzaji ndio ninaoupenda, na kwa mtu anayetaka kujifunza uwanjani nauona ni mwalimu mzuri. Lakini hilo ni pendo langu, na wewe unaweza kuwa na lako.

Sasa turudi kwa rafiki yako na programu yake. Hajakudanganya. Gari la tabo kutoka kiwandani ndilo linalotoa farasi kwa bei nafuu kuliko mengine yote, kwa sababu tabo ipo tayari, intakula ya kupoza hewa ya tabo ipo, na kiwanda kimeacha akiba ya nguvu ndani. Programu nzuri itakupa farasi kati ya 240 na 250 bila kufungua hata boliti moja. Injini isiyo na tabo ukiifanyia programu hiyohiyo unapata asilimia chache tu.

Kile ambacho hakukwambia ni kinachofuata. Nguvu ni mgeni anayekuja na ukoo wake. Klachi ya kiwandani ya Golf hilo, hasa ikiwa imeshatembea, huanza kuteleza torki inapopanda, kwa hiyo unanunua klachi. Vali ya kupumulia tabo ya miaka hiyo ina utando wa mpira ambao huchanika, na presha ikiongezwa unachanika mapema. Koili na plagi zinafanya kazi ngumu zaidi. Na kuna kikombe kidogo cha chuma kinachokaa kati ya kamshafti (mhimili unaofungua vali za injini) na pampu ya mafuta ya presha kubwa. Kinalika taratibu. Kikitoboka na gari likaendelea kutembea, kamshafti na pampu vyote vinaharibika, na hapo fungu zima la akiba yako limeondoka kwa sababu ya kipande kinachoenea kwenye kiganja. Kukagua kikombe hicho ni kazi ndogo kwa fundi yeyote anayelijua gari. Muulize muuzaji kilibadilishwa lini, na akikutazama kama unaongea lugha ya kigeni, chukulia hakijawahi kuguswa. Muulize pia mkanda wa taimingi.

Baada ya hayo yote, nguvu hizo 250 bado zinapita kwenye magurudumu mawili ya mbele, yaleyale yanayokata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki. Matairi ya mbele yatakwisha haraka. Uwanjani yatakwisha haraka zaidi.

Nasema hivi nikilipenda Golf hilo. Likiachwa kama lilivyotoka kiwandani na likatunzwa, ni gari linalokufaa siku ya kazi na siku ya mchezo. Ninachokupinga ni kuhesabu bei ya programu ukaiita bei ya farasi 50.

Toyota 86 ndilo gari bora kati ya haya matatu. Ni la karibuni zaidi, lilianza kuuzwa 2012, Toyota na Subaru wakilitengeneza pamoja, na ndugu yake ni Subaru BRZ. Injini imelazwa chini, uzito umegawanywa vizuri, na mengi yamekuja na difu inayobana magurudumu ya nyuma yashirikiane. Kuna jambo moja kuhusu gari hili ningependa kila kijana anayepanga kuboresha gari alifikirie. Lilipotoka kiwandani lilivalishwa matairi membamba ya 215/45 R17, ya aina ileile ya Michelin iliyokuwa ikivalishwa kwenye Prius, gari la kubania mafuta. Wahandisi walitaka gari liteleze kwa mwendo ambao dereva wa kawaida anaweza kuujifunza bila kuhatarisha maisha. Tairi bora tu, bila kugusa injini hata kidogo, linalibadilisha gari hilo katika kona na katika breki kuliko farasi 50 zingelibadilisha.

Tatizo la Toyota kwako ni hesabu. Mafungu 9 kati ya 10 yanakuacha na moja. Gari lililotumika linahitaji oili ya injini, ya giaboksi na ya difu siku ya kwanza, kwa kuwa hujui yule aliyetangulia aliweka nini. Linahitaji matairi, pedi, bushi zilizolegea, pengine shokapu. Plagi za injini hiyo iliyolazwa ziko ubavuni, zinachukua saa nyingi za fundi kuliko za injini iliyosimama. Fungu moja halitoshi. Utakuwa na gari zuri unaloliogopa.

Ndiyo maana nakushauri MX-5, na nitakueleza fedha inayobaki iende wapi. Ila usilipe kabla hujapima mambo mawili.

La kwanza ni urefu wako. Kizazi cha tatu kina nafasi kuliko vile viwili vya mwanzo, kwa hiyo mita 1.86 si hukumu. Lakini azima kofia ya mbio, kaa ndani, funga mkanda, kisha mtu aweke ufito ulionyooka kutoka ukingo wa juu wa kioo cha mbele hadi juu ya bomba la kujikinga nyuma ya kiti. Kofia inatakiwa ibaki chini ya ufito huo. Viwanja vingi vinakataa gari la wazi lisilo na bomba la chuma la kukulinda likipinduka, na matao madogo yaliyokuja nalo kutoka kiwandani mara nyingi hayakubaliki. Kwa hiyo bei ya bomba iingize kwenye hesabu ya MX-5 tangu leo. Ukiwa huenei chini ya ufito hata kiti kikishushwa, basi liache. Chukua Golf, na programu yake uisahau kwa mwaka mzima. Kichwa chako hakina mbadala.

La pili ni kutu. Paa la turubai lina vitundu vya kutolea maji nyuma ya milango, na vikizibwa na uchafu maji yanashuka ndani ya vizingiti vya chini ya milango na kuvila kutoka ndani. Rangi ya nje inaweza kung'aa huku chuma kimekwisha. Gonga vizingiti kwa vidole, tazama matao ya magurudumu ya nyuma, liinue gari kwenye jeki. Injini yake ni imara, lakini nyingine hula oili, kwa hiyo chomoa kijiti cha oili uipime kabla muuzaji hajajua unakuja kuipima.

Ukilipata zuri kwa mafungu 6, unabaki na 4. Usiyamalize.

Fungu la kwanza linakwenda kwenye kulirudisha gari katika hali yake: oili zote, vichujio, plagi, bushi, na shokapu kama zimechoka, kisha alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, kwa fundi mwenye mashine nzuri na subira. Watu huruka hatua hii kwa sababu haina sauti wala haionekani kwenye picha. Gari lenye shokapu zilizokufa ukiliongezea nguvu unaongeza hatari tu. Na hapa nikuonye juu ya zile seti za springi na shokapu za kurekebisha kimo zinazouzwa kwa bei ya chini mno. Rahisi huvunja upishi. Gari linashuka, linapendeza limesimama, na kwenye barabara yenye mawimbi matairi yanaruka badala ya kushika. Shokapu mpya za kawaida zenye ubora zinazishinda hizo kwa mbali.

Fungu la pili ni matairi na breki. Mwendo ukitoka kilomita 100 hadi 120 kwa saa, nishati ambayo breki inapaswa kuimeza inaongezeka kwa asilimia 44, sio 20 kama wengi wanavyodhani. Uwanjani unafanya hivyo kila kona, mzunguko baada ya mzunguko, na joto lote linaishia kwenye diski, pedi na mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzijoto 230, lakini yananyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya kiwango chake kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea: unakanyaga pedeli inakwenda hadi sakafuni na gari halisimami. Kubadilisha mafuta hayo na kuweka pedi zinazostahimili joto ni kazi ya bei ndogo kuliko ekzosi yoyote utakayoonyeshwa, na hakuna boresho ninaloliheshimu zaidi ya hilo. Tafadhali usiende uwanjani hata mara moja kabla hujalifanya.

Fungu la tatu ni lako wewe mwenyewe: bomba la kujikinga, kofia, kiingilio cha uwanja, na saa kadhaa na mwalimu wa kuendesha. Dereva mgeni akikaa na mwalimu anaongeza kasi kwa mzunguko kuliko akinunua farasi. Nimeyaona hayo mara nyingi mno kuyanyamazia.

Fungu la nne liache benki.

Ekzosi na kichujio cha hewa sitakukataza, maana sauti nayo ni furaha. Ila injini isiyo na tabo itakupa farasi wachache tu kwa vitu hivyo, kwa hiyo nunua sauti ukijua unanunua sauti. Na miaka ikipita ukaona kweli unataka nguvu zaidi, MX-5 hilo lina njia iliyozoeleka: injini ya lita 2.5 ya familia ileile, iliyofungwa kwenye magari ya kawaida ya Mazda, inaingia mahali pake. Baadhi ya vifaa huhamishwa kutoka injini ya zamani na programu inarekebishwa. Injini zilizotumika za aina hiyo hupatikana kwa wingi kwa sababu hazikutoka kwenye magari ya spoti. Unapata torki zaidi chini na katikati, na gari linabaki na tabia yake. Ni uamuzi wa baadaye. Vifaa vya kiwandani unavyovitoa vihifadhi vyote, mnunuzi wa kesho hatakurudishia ulichotumia kwenye maboresho, lakini atalipa vizuri zaidi kwa gari linaloweza kurudi kama lilivyokuwa.

Kama msingekuwa na gari la familia tayari, ningekutajia pia Suzuki Swift Sport la 2017 na kuendelea: kilo 970 hivi, farasi 140, Nm 230 za tabo ndogo, na viti vya nyuma. Mwingine anayesoma hapa mwenye mtoto na gari moja tu alifikirie hilo kabla ya yote niliyoyataja.

Kuhusu mke wako, nakusihi, mwambie. Ameridhia jambo ambalo hajalijua lote, na wewe unajua hajalijua. Kaa naye na karatasi: bei ya kununua, mafungu manne niliyokugawia, bima, na kiasi cha kila mwezi ambacho nyote wawili mmekubaliana kwamba gari hili halitakivuka. Mweleze na hatari pia. Kampuni ya bima nayo unapaswa kuiarifu kila badiliko la injini au la breki, kwa kuwa boresho lililofichwa linaweza kuwa sababu ya kukataa kukulipa. Na soma masharti kuhusu uwanja wa mbio, bima nyingi za kawaida hazifiki huko. Ukigonga ukuta uwanjani ni mfuko wa nyumba yenu utakaolipa, hivyo mwenye nusu ya mfuko ana haki ya kujua.

Imebaki tabo ya binamu yako. Usiichukue, hata akikupa bure. Injini ya Toyota hiyo ina mgandamizo wa 12.5 kwa 1, kiwango cha juu kwa injini inayotarajia kusukumiwa hewa, kwa hiyo nafasi ya makosa ni finyu. Programu ikikosewa kidogo au mafuta yakiwa ya daraja la chini, pistoni na konrodi (vyuma vinavyozishika pistoni) ndizo zinazolipa. Gari hilo hata bila tabo hupandisha sana joto la oili uwanjani. Ukilifunga tabo unahitaji kipoza oili, klachi, marekebisho ya mafuta, programu iliyoandikwa kwa seti hiyohiyo na fundi wa kuipima kwenye mashine. Nusu bei ya seti ni sehemu ndogo ya gharama hiyo. Tena muulize kwa upole kwa nini aliitoa kwenye gari lake, na jibu lake liandike kwenye karatasi ileile utakayokaa nayo na mke wako.